Nilivyokwenda Kumrudisha Yusta kwa Mumewe

Hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha kichwa, na mkiona nacheka katikati msidanganyike, ni kicheko cha mtu aliyekosa pa kuuweka uso wake. Kuna watu hapa Ilembo mpaka leo nikipita wananiita Mzee wa Unga, na watoto wao ambao siku hiyo hata hawajazaliwa nao wanaitikia, na mimi nainua mkono kama vile ni jina nililobatizwa nalo. Wanachojua ni kile kipande cha kuchekesha tu, kwamba mshauri wa ndoa alikwenda kusuluhisha ukweni kwa watu akarudi mweupe kuanzia kichwani mpaka viatuni. Kile kipande kingine, cha mke na mume, wanakijua wachache, na hicho ndicho kimenila.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati, Mpanda bado tuko mkoa wa Rukwa na Katavi lilikuwa jina la mbuga ya wanyama. Mimi maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kupanga tumbaku ya wakulima kwa madaraja, hili jani la kwanza, hili la pili, hili rudi nalo nyumbani ukawashie moto, na wakulima walinichukia kwa haki kabisa maana nilikuwa na mdomo mchafu na sikuwa namsikiliza mtu. Halafu tukapunguzwa kazi. Wenye umri wangu mnalijua hilo neno, lilipita nchi nzima likituacha wanaume tumekaa vibarazani tunahesabu nzi. Nilikuwa na miaka hamsini na ushee, sina ufundi mwingine, nashinda nyumbani namfundisha mke wangu Mama Odilia jinsi ya kufagia uwanja anaoufagia tangu tuoane.

Mama Odilia akachoka. Siku moja kanisani wakatangaza semina ya washauri wa ndoa wa jumuiya, wanatafuta watu wazima wenye ndoa zao, akaniambia, "Baba Odilia, nenda. Chakula kipo, wali na nyama, nasikia. Nenda ukale wali wa watu na mimi nipumue." Nikaenda kwa ajili ya wali (siwafichi). Mtoa mada alikuwa sista mmoja mgeni, mwembamba, sauti ndogo, akatupanga wawili wawili, akasema mmoja aongee na mwingine asikilize tu, asijibu, asishauri, asikilize. Mimi nikapangwa na bwana mmoja mwashi. Yule bwana akaanza kwa habari ya paa lake linalovuja, akaendelea, akaendelea, mara nikaona machozi yanamtoka, anazungumzia mke wake aliyefariki ambaye hakuwahi kumtaja kwa mtu. Na mimi sikufanya kitu chochote, nilinyamaza tu. Nilirudi nyumbani siku hiyo natembea kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa mwenyewe atatokea kudai.

Basi nikaanza. Jirani na mkewe wakigombana naitwa, kisha wakawa wanakuja wenyewe, tunakaa uani kwangu kwenye benchi, wanasema nami nanyamaza, mwisho nauliza maswali mawili matatu. Wengine wanaleta kuku, wengine hawaleti kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona watu wanaondoka mbele yangu wakiwa wepesi kuliko walivyokuja. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo hata siku niliyooa, na Mama Odilia analijua hilo na amenisamehe. Nilijiambia, Leonsi, kumbe Mungu alikuwa amekuwekea kazi yako uzeeni, tumbaku ilikuwa ni njia tu. Nikaanza kuvimba kichwa kidogo kidogo.

Sasa yule sista alitufundisha mambo mengi mazuri, ila mawili ndiyo yaliyonimaliza, na kosa si lake, alikuwa anafundisha watu wa kawaida, hakujua mimi nimekaa pale. La kwanza, mshauri haulizi kabila, mbele yako kuna mume na mke, basi. La pili, ukifika mahali watu wamenuna, anza kwa kuwachekesha kidogo mioyo ilainike.

Ndipo akaja Selestini. Huyu alikuwa seremala kijana pale pale Ilembo, Mbende kwa kabila, mpole, mikono yake ilijua mbao lakini mdomo ulikuwa mzito kama mlango usiopakwa mafuta. Alikuwa amemwacha mkewe Yusta na mtoto mdogo, akaenda machimbo kutafuta dhahabu, akakaa huko masika nzima bila salamu. Nyuma huku mtoto akapata degedege. Yusta akambeba mgongoni kwenye mvua mpaka hospitali, akalala sakafuni pale wodini akimshika mtoto mguu aone kama bado una joto. Mtoto akapona. Selestini akarudi na redio mpya, mkewe akamsimulia yote hayo, na yeye akajibu, "Si amepona?"

Hayo tu. Yusta hakupiga kelele, alichukua mtoto na nguo akarudi kwa baba yake Mwamkulu.

Nilimkuta sokoni mjini anauza karanga, nikajitambulisha, tukasogea pembeni. Alikuwa binti wa kutazama mtu usoni. Akaniambia, "Baba, mimi sitaki kanga na sitaki ng'ombe. Nataka aje pale kwa baba aseme nimekosa. Aseme kwa mdomo wake, nimsikie. Akisema narudi naye siku hiyo hiyo." Nikamuuliza kama bado anampenda. Akasema, "Ningekuwa simpendi ningekuwa nimeshalala usingizi." Ila akanieleza pia kwamba baba yake, Mzee Antoni, amechoka kungoja, amesema mavuno yakiisha mkwe hajaja kusema neno, anarudisha mahari na shauri limekwisha, na kuna mgane mmoja wa Sitalike, mwenye duka na mashine ya kusaga, ameshatuma watu kuulizia.

Kwa hiyo mnaona ilivyokuwa. Neno moja tu, na neno lenyewe halikuwa linatoka. Nilikaa na Selestini jioni nyingi kuliko nilivyokaa na mtu mwingine yeyote. Kila kitu alikuwa anasema. Anasema mambo yaliharibika, anasema machimbo yalikuwa magumu, anasema samahani kama aliumia, akifika kwenye nimekosa anameza mate. Nikamwambia toa hiyo kama, seremala, hiyo kama ni msumari uliokaa vibaya. Jioni moja akalisema. Alilisema polepole akiangalia mikono yake, "Nimekosa. Nilikuwa nimeogopa, ndiyo maana nikasema si amepona," akalia pale kwenye benchi, na mimi nikalia, na Mama Odilia akatoka jikoni akaweka uji katikati yetu akarudi ndani bila kutia neno (na Mama Odilia kutotia neno ni jambo la kukumbukwa). Nilijua hapo kwamba ndoa ile imepona. Kilichobaki ni kwenda kulisema mahali panapostahili.

Selestini alikuwa na hofu moja, kwamba mbele ya watu hatajua aanze saa ngapi. Nikamwambia hiyo ni kazi yangu. Nitazungumza mimi, nitalainisha, nikiona mioyo imekaa sawa nitakohoa. Nikikohoa, wewe piga magoti useme, usiangalie mtu, usisikilize mtu, sema mpaka mwisho. Tukafanya mazoezi kabisa pale uani, mimi nakohoa yeye anapiga magoti, kuku wanatukimbia.

Jumapili tukaenda, mimi, yeye na mjomba wake mmoja mkimya ambaye tulimchukua ili tuonekane watu kamili. Nilivaa koti langu. Natoka mlangoni Mama Odilia akauliza, "Hao watu wa Mwamkulu ni kabila gani?" Nikamjibu kwa sura ya msomi kwamba mshauri haulizi kabila. Akasema, "Haya." Nyie hamumjui Mama Odilia. Haya yake si kukubali.

Tulifika tukakuta uwanja umefagiwa na watu wamejaa, ndugu, majirani, watu wa jumuiya, wote wamevaa nguo za kanisani. Mzee Antoni alikuwa ng'ambo ya uwanja kwenye kiti chake, kofia juu ya goti, na mke wake pembeni kwenye mkeka. Yusta hakuwepo nje, alikuwa ndani, kama inavyotakiwa. Aliyetupokea alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa mzee, mama wa mwili mkubwa na sauti ya kuita mtu aliye shambani. Akatusalimia vizuri, akatupa maji, halafu akanigeukia. "Na huyu mzee wa koti ni nani?"

"Naitwa Leonsi, mama. Ni mshauri."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu kabisa ni Laela, Ufipani."

Akapiga kofi moja la mikono. "Mfipa huyu. Jamani, njooni muone, tumeletewa Mfipa. Ungo wako umeuegesha wapi, Mfipa, au leo umekuja na baiskeli kutuzuga?"

Hapo ndipo nilipojua, wenzangu, kwamba nimesimama kwa Wanyamwezi. Na sisi Wafipa na Wanyamwezi ni watani. Kwa asiyejua, mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kukunyang'anya chakula mdomoni, na wewe hutakiwi kukasirika, unamrudishia tu. Anachosema mtani hakishikwi, hakipelekwi mahali, kinaishia pale pale kama povu. Na mtu yeyote aliyelelewa huku kwetu anajua kwamba kama umekuja na jambo zito, ukitaniwa mlangoni unavua kofia unasema, shangazi, leo sikuja na utani, nimekuja na shauri, na utani unasimama hapo hapo, wanakupa kiti, yamekwisha. Maneno hayo nilikuwa nayo. Yalikuwa yamekaa mdomoni tayari.

Lakini nikamkumbuka sista. Nikaona hawa hapa wenyewe wameanza kuchekeshana, mioyo inalainika bure. Na tena, jibu tamu lilikuwa limeshanijia, na jibu tamu mtu halimezi hivi hivi. Nikasema, "Ungo nimeuacha njiani, mama. Nilijua nikifika hapa nitapata Wanyamwezi wa kunibeba. Si ndiyo kazi yenu tangu enzi za misafara?"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mimi nikaona meno, nikajiambia, Leonsi, kazi imeanza vizuri. Niliona Mzee Antoni hacheki. Nikadhani hajasikia, maana alikuwa mbali.

Basi utani ukafunguliwa. Kijana mmoja akanivua koti akalivaa yeye, akawa anatembea uwanjani mikono nyuma, kifua mbele, kama mimi kabisa. Wengine wakageuza kinu, wakanikalisha juu yake wakasema ni kiti cha chifu wa wachawi. Nikaletewa maji ya kunawa, nikanawa uso, kumbe yamekorogwa majivu. Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, najibu. Kila wanachosema nina jibu, na majibu yangu yalikuwa mazuri, hilo hata maadui zangu watalikubali. Nilikuwa nafikiri ni raundi moja tu, ikiisha hii nasimama tunaingia kwenye shauri. Selestini alikuwa amekaa mkekani kando ya mjomba wake, macho chini, midomo inacheza, anarudia maneno yake.

Nikasimama. Nikajifuta majivu. "Ndugu zangu, sasa tuingie kwenye jambo lililotuleta." Wakacheka. Nikasema, "Hapana, kweli, tumekuja kwa ajili ya binti yetu Yusta." Wakacheka zaidi, na yule mwenye koti langu akasema maneno hayo hayo nyuma yangu kwa sauti yangu. Nikasema, "Mimi ni mshauri wa ndoa," na shangazi akajishika kiuno. "Mfipa anashauri ndoa. Wewe mke nani alikupa, si ulimpata kwa dawa?" Nikajaribu kuongea taratibu kama sista, wakaona naigiza padri. Nikajaribu kunyamaza, wakasema Mfipa anaita majini. Kila mlango niliokuwa naushika ulikuwa unafungukia kwenye kicheko, na nikaelewa kwamba sina tena sauti ya kweli mahali pale. Ningeweza kusema nyumba inaungua na wangeshika mbavu.

Nikakasirika. Nasema wazi, nilikasirika, nikafoka, "Nyie watu mna akili kweli?"

Uwanja ukapasuka. Mfipa amekasirika. Mtani akikasirika anatozwa faini, hiyo ni sheria. Shangazi akaingia jikoni akatoka na bakuli la unga wa muhogo, akanimwagia lote kichwani. Unga ukaniingia puani, ukaniingia kooni.

Nikakohoa.

Nilikohoa, jamani, sikuweza kuzuia, nilikohoa mpaka nikainama. Na Selestini, ambaye nilikuwa nimemwambia asiangalie mtu na asisikilize mtu, ambaye tangu tufike masikio yake yalikuwa yanangoja kitu kimoja tu, akainuka mkekani akaja katikati ya uwanja akapiga magoti kando yangu. Alianza kusema. Mimi niliyekuwa karibu naye ndiye niliyesikia, sidhani kama kuna mwingine. Alisema, "Baba, nimekosa. Mama, nimekosa. Mke wangu alinieleza mtoto alivyoumwa nikamwambia si amepona. Nilisema hivyo kwa kuogopa. Nilikuwa nawaza angekufa na mimi sipo. Yusta, nimekosa." Alisema vizuri kuliko mazoezini. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye mikono.

Na watu walikuwa wanaona nini? Walimwona mzee mweupe anakohoa, na kijana amepiga magoti mbele yake kama anaabudu. Mmoja akauliza, "Na huyu naye Mfipa?" na ndiyo ikawa basi. Nikanyoosha mikono kuwanyamazisha, unga ukaruka kutoka kwenye mikono ya shati, wakaanguka kwa kicheko. Nikapiga magoti na mimi, nikakutanisha viganja, nikawasihi, nikaanza kulia, machozi yakachora mistari kwenye unga, na wanawake waliokuwa wamejizuia mpaka hapo wakashindwa. Nimeona watu wengi wakicheka maishani. Sijawahi kuona kicheko nikatamani ardhi inichukue kama siku ile.

Selestini alisema mpaka mwisho. Alipomaliza akainua kichwa akaangalia upande wa nyumba, akaganda. Mimi nilidhani ni kwa sababu maneno yamekwisha.

Mzee Antoni akasimama, na kila mtu akanyamaza. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Mkwe wangu, mimi nina watani na ninawaheshimu. Wanakuja hapa kwangu nikifiwa. Ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaofagia majivu, ndio wanaotuchekesha tupate nguvu ya kula. Leo umeniletea mtani mbele ya ukoo wangu. Nani amekufa?"

Selestini alikuwa bado anaangalia upande wa nyumba. Nikasema, "Mzee, kosa ni langu, huyu kijana amesema maneno ya kweli, mimi nimesikia."

Akanitazama. "Wewe ni mtani wangu, bwana. Neno lako sina mahali pa kuliweka."

Shangazi akasogea, sasa hana hata tabasamu. "Kaka, sisi tulikuwa tunacheza tu na mzee wa watu."

"Najua mlikuwa mnacheza. Aliyeleta mchezo ni yeye," akasema mzee, akimwonyesha mkwewe. "Umeleta wa kuzika, basi tumezika." Akavaa kofia akaondoka kwa njia ya shambani, taratibu, na mkewe akakunja mkeka.

Waliniletea koti langu. Lilikuwa limekung'utwa na kukunjwa vizuri, na yule kijana alinipa kwa mikono miwili akaniambia shikamoo. Heshima yote niliyokuwa naihitaji saa nzima iliyopita ndiyo ikaja wakati huo.

Njiani Selestini hakupanda baiskeli, aliisukuma, na sisi tukasukuma zetu. Jua lilikuwa kali, jasho na unga vikakorogana shingoni mwangu vikawa ugali, na tulipoingia Ilembo watu walikuwa wanatoka kuangalia mpira, ndipo lile jina lilipozaliwa. Nilikuwa naongea bila kunyamaza. Nasema tutarudi, nasema nitamtafuta mtu mwingine, nitamleta katekista, nitakwenda mwenyewe kwa miguu kuomba radhi. Akaniambia, "Mzee, nyamaza." Ni hilo tu alilosema. Mimi niliyesifika kwa kunyamaza.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilimtuma katekista, akapokelewa vizuri akapewa chakula na kuambiwa shauri limekwisha. Nikamwambia Selestini aende mwenyewe, akatikisa kichwa. Nilishindwa kuelewa kwa nini amekata tamaa hivyo, maana niliamini kwamba Yusta amesikia, na aliahidi kwamba akisikia anarudi. Mavuno yakaisha, mahari ikarudishwa. Selestini akafunga karakana yake akarudi machimbo, na sijakutana na mtu anayejua yuko wapi.

Mimi nikakaa ndani. Watu walikuja kugonga, nikawa namwambia Mama Odilia aseme naumwa, na sikuwa naongopa. Nilikuwa nimeipata kazi yangu uzeeni, kazi pekee niliyowahi kuipenda, na nilikuwa nimeitumia kuvunja nyumba ambayo ingesimama hata kama ningelala kitandani siku hiyo. Selestini angekwenda mwenyewe, akababaika, akasema hata nusu, ingetosha. Kila jioni nilikuwa nafika hapo hapo. Mama Odilia hakuwahi kuniambia, "Nilikuambia," na ningependa angeniambia.

Baadaye nilianza tena kusikiliza watu, kwa sababu walikuja na sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Sasa hivi kabla hawajakaa nauliza kabila, la mume, la mke, la bibi wa mke, na yule sista alivyopita tena alinisema sana, na wapo wanaoniita mkabila. Nakubali.

Yusta nilimwona tena sokoni, miaka ilikuwa imepita, anachagua nyanya, mgongoni ana mtoto wa yule mgane wa Sitalike. Nilitaka kukata kona. Akaniwahi yeye, "Shikamoo baba," na nikajikuta namwomba radhi pale pale katikati ya watu, maneno yanagongana.

Akaniambia, "Baba, usijisumbue na mimi. Siku ile nilikuwa nimeshafunga mzigo. Nilikuwa nyuma ya mlango, mtoto nimemvalisha viatu, nangoja. Nikasikia kicheko, nikachungulia nione kuna nini. Nikamwona Selestini kapiga magoti na wewe mweupe kando yake." Akashika nyanya, akairudisha. "Nikacheka, baba. Sijui kwa nini, kilinitoka tu. Yeye akainua macho akaniona nacheka. Nikarudi ndani nikafungua mzigo, maana ningetokaje tena?"



"Makelele yalikuwa mengi," akasema. "Ndiyo ninachotaka kukuuliza siku zote. Wewe ulikuwa karibu naye. Hivi alisema?"

Niliwaza kumdanganya, na mngekuwa nyie sijui mngefanyaje, ana mume, ana mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Alisema, mwanangu. Alisema yote, na jina lako alilitaja."

Akaitikia kwa kichwa. Akazigeuza nyanya, halafu akamuuliza mwenye meza bei, akalipa, akaniaga kwa adabu, akaenda. Tangu siku hiyo nimeapa, mtu akinitania mlangoni kwake, hata awe na utani mtamu namna gani na jibu langu liwe limeiva mdomoni, navua kofia na namwambia leo sikuja na utani. Wananiona nimezeeka vibaya, nimekuwa mtu asiyecheka. Wacha waone hivyo. Mimi nawaza kuna mtu ndani amefunga mzigo wake, anangoja kusikia.